Mpe Mwanao Kazi, Leo!

Mzazi, amka! Mwanao ana miaka minne, na mikono yake haina kazi.

Unamvisha viatu. Unamfunga vifungo. Unamlisha kwa kijiko, kisha unampa simu ili atulie. Akitulia, unashukuru. Usishukuru! Mtoto huyo amenyang'anywa kazi yake, na aliyemnyang'anya ni wewe.

Nawe unajua. Alipoushika ufagio, ulimwambia atajichafua. Alipolilia kuosha kikombe, ulimwambia atakivunja. Alipotaka kumimina maji, ulisema, "Kesho, ukikua." Atakuaje, naye hagusi kazi?

Tarehe 6 Januari 1907, katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela jijini Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto wa vibarua. Watoto wadogo mno kwenda shule! Akawaachia kunawa, kufagia, kuandaa meza. Hadi leo wanaofuata njia yake humpa mtoto kikombe cha kweli, kinachovunjika, kwa kuwa kikombe hicho humfundisha kutembea kwa uangalifu zaidi kuliko karipio lolote.

Na wewe huhitaji kwenda Roma. Jikoni kwako kuna mahindi ya kupukuchua, kuna fungu la mchicha, kuna maharage ya kuchambua!

Tazama kidole gumba, cha shahada na cha kati vikipukuchua mahindi: ndivyo vitakavyoshika penseli. Tazama kiganja kikikamua kitambaa. Tazama macho yakiufuata mkondo wa maji kutoka jagi hadi kikombe, mwili mzima umetulia, hata kuitwa hasikii. Hapo anajifunza kuanza, kuendelea na kumaliza. Lakini wewe unamlazimisha kujaza ukurasa mzima wa herufi kwa vidole ambavyo havijawahi kumenya hata ndizi. Akishindwa, unamwita mzembe. Ole wako!

Sikuambii umtumikishe. Usimtwishe ndoo, usimbebeshe mdogo wake kutwa, usimsogeze karibu na moto. Mpe jagi dogo lenye maji nusu. Mpe ufagio wa kimo chake. Mwonyeshe polepole, kwa maneno machache, kisha rudisha mikono yako nyuma!

Hapo ndipo penye jaribu. Atachelewa, na wewe una haraka. Atamwaga, na wewe umechoka. Atarudia lile lile mara nyingi hata uone anacheza. Vumilia! Maji yakimwagika, mpe kitambaa afute mwenyewe. Usimpokonye, usimcheke, usimmalizie.

Miaka hii, kuanzia mitatu hadi sita, haingoji likizo yako, haingoji mwisho wa mwezi, haingoji upate nafasi. Jioni hii, maharage yakishamiminwa kwenye sinia, zima simu, mwite kwa jina lake, mkalishe mkekani kando yako, umsogezee sinia achambue!