Je, Kisichoonekana Chaweza Kujulikana?

Mchimbaji wa bati huko Kalima ajua njia mbili tu za kufika ng'ambo ya kilima: kukipanda au kukitoboa.

Lakini hewa ya amonia, ile ichomayo pua katika zizi la mbuzi, inayo njia nyingine. Kila chembe yake ina atomu moja ya nitrojeni juu ya tatu za hidrojeni, mfano wa chungu juu ya mafiga. Nguvu ya nitrojeni haitoshi kupita kati ya mafiga hayo. Hata hivyo hutokea upande wa chini, kisha hurudi juu, mara bilioni 24 hivi kila sekunde. (Chungu cha jikoni hakifanyi hivyo, jambo hili ni la vitu vidogo mno.)

Nani ameiona ikipita? Hakuna. Hesabu za wataalamu ziliutaja mwendo huo kwanza. Kisha mwaka 1934 Cleeton na Williams, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipitisha mawimbi mafupi ya redio ndani ya amonia. Yale yenye urefu wa karibu sentimita moja na robo yakapungua: amonia imeyameza.

Asemaye, "Nisichokiona sikikubali," hutega mtego penye nyayo za mnyama asiyemwona. Basi ishara yatosha? Si kila ishara. Mawimbi yale yangaliweza kutoka bila kupungua, na hesabu ile ingalikanushwa mbele ya watu wote. Na yule amshtakiye jirani yake uchawi kwa sababu ya ndoto, yeye amepima nini?