Tusiwaharakishe Wazee Wetu

Huko Bungu, katika Wilaya ya Kibiti, mzee aliyezoea kuokota korosho tangu alfajiri aweza siku moja kushindwa kufunga vifungo vya shati lake. Mkono wamtetemeka hata akiupumzisha. Miguu yamganda mlangoni. Sauti imefifia, na uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Hapo maneno huanza. Mmoja husema ni uvivu, mwingine kiburi, wa tatu hunong'ona uchawi.

Sivyo, ndugu wasomaji. Huo waweza kuwa ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeueleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zitoazo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mwendo wa mwili, hufa polepole. Wala si viungo tu vinavyopata taabu. Wengi hushindwa kupanga kazi zao, kushika maagizo mawili kwa pamoja, au kutembea huku wakizungumza. Mgonjwa akikawia kujibu, tusidhani ametudharau. Jibu lingali njiani.

Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2000, waliona kwamba wagonjwa wengi walikuwa hawajapata kuambiwa na mganga yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiteseka bila dawa.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyetutembelea Tanzania mwaka 1990, baadaye alidhoofishwa na ugonjwa huu mbele ya macho ya ulimwengu, hata akafariki mwaka 2005. Mkono ulitetemeka, maneno yakamkwama. Hakujificha, wala heshima yake haikupungua.

Basi twawasihi: mpelekeni mgonjwa hospitali. Dawa ya levodopa haiuondoi ugonjwa, lakini huwalegezea wengi ugumu wa mwili. Ainywe kwa saa alizoagizwa, wala asiiache ghafula. Mwambieni jambo moja, kisha ngojeni. Ondoeni vigoda na ndoo njiani asijikwae. Awezalo kulifanya mwenyewe, mwacheni alifanye, hata likichukua asubuhi nzima.

Yoshua bin Sira alikwisha kuwaonya watoto wamvumilie baba yao akili zake zinapopungua. Amri ya nne haikuwekwa kwa ajili ya wazazi wenye nguvu tu. Mungu atujalie subira hiyo nyumbani mwetu.