«Alikubali bei»: je, yatosha?



Mwaka uliopita parokia yetu, hapa Lubumbashi, ilijitayarisha kwa jubilei yake. Tulitaka waimbaji wavae kanzu zenye ukingo wa kitambaa cha Wakuba, kile cha rafia ambacho wageni hukiita mahameli ya Kasai. Watu wakatuelekeza kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Kasai, akaaye kwa binti yake. Mama akatoa vipande vinne, akataja bei yake. Sisi tukataja nusu. Akanyamaza, akavitazama vipande vyake, kisha akasema: «Chukua tu, mwalimu.» Tukarudi kwa furaha, tukijisifu kwamba tumelinda fedha ya parokia.

Jioni, katika mazoezi ya nyimbo, msichana mmoja alikishika kitambaa, akauliza: «Mwalimu, kipande kimoja huchukua siku ngapi?» Hatukujua. Tukamjibu: «Alikubali bei.» Lakini usiku jibu lile lilituondolea usingizi.

Ndiyo maana leo twataka kufikiri pamoja nanyi: mtu akiisha kukubali bei, je, haki imetimizwa? Swali hili si la parokia yetu tu. Siku hizi washonaji wa Kinshasa, wa Dakar, wa Paris na wa London hutafuta mapambo ya wazee wetu wapate kubuni mitindo mipya. Wengi husema kwamba kazi yao ni ya haki na ya kuheshimu Afrika. Yatupasa kujua maneno hayo yapimwe kwa kipimo gani.

Kwanza tukijue kitambaa chenyewe. Kwa Wakuba, wanaume hukata majani machanga ya rafia, huyachana yawe nyuzi, kisha hufuma katika kitanda cha mfumi. Kipande hakiwezi kupita urefu wa uzi wa jani, kwa hiyo ni kidogo. Hutwangwa kinuni kipate kulainika. Halafu wanawake hutarizi: hupitisha uzi kwa sindano, hukata ncha zake kwa kisu kidogo, mara elfu na elfu, mpaka kitambaa kinaota manyoya mafupi. Hawachori kwanza, pambo limo kichwani mwao, nalo lina jina lake. Tena Wakuba huwavika wafu wao nguo za rafia, maana wazee waliamini kwamba marehemu asiyevaa rafia hatatambuliwa na jamaa zake huko aendako. Basi, kitambaa hicho ni kazi ya mikono miwili, ya mwanamume na ya mwanamke, nacho humpa mtu jina lake hata kaburini.

Sasa turudi kwenye swali. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba juu ya mapatano ya watu kuna haki iliyo kubwa kuliko mapatano: mshahara sharti utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi. Na mtu akipokea masharti magumu kwa kuwa shida yamsukuma, huyo ametendewa kwa nguvu, hata kama amesema «ndiyo». Mtu atasema: «Mama yule hakuwa mtumishi wenu, aliuza mali yake kwa hiari.» Ni kweli. Lakini yule anayeuza kwa sababu chungu ni kitupu hana hiari kamili. Sisi tuliweza kungoja hata wiki ijayo, yeye hakuweza. Tulimshinda kwa njaa yake, wala si kwa hoja.

Nchi yetu ilionja uchungu huo zamani. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu wa vijiji kulima pamba. Bei iliwekwa na wakubwa, mnunuzi alikuwa mmoja tu katika kila eneo, na mkulima aliyekataa aliweza kufungwa au kupigwa kiboko. Pamba ile ilifika viwandani nyeupe kabisa, wala hakuna mvaaji aliyeona jasho ndani yake. Leo kiboko hakipo tena, lakini njaa yaweza kufanya kazi ile ile.

Wengine huuliza: «Je, mtu wa kabila lingine akichukua mapambo yetu, si mwizi?» Tusikimbilie kusema hivyo. Mapambo yamesafiri tangu zamani. Vikwembe vya wax ambavyo mama zetu huvivaa kwa fahari asili yake ni batiki ya Java. Waholanzi waliiga batiki hiyo kwa mashine, na kiwanda cha Vlisco kilianza huko Helmond mwaka 1846. Baadaye nguo hizo zilipata soko Afrika ya Magharibi, na wanawake wa masoko wakayapa mapambo majina na maana. Kwa hiyo mshonaji Imane Ayissi wa Kamerun hataki kutumia wax, maana huona kwamba si urithi wa Afrika. Huchagua kente, faso dan fani na vitambaa vingine vya kufumwa kwa mikono. Mwezi wa Januari 2020 alionyesha mavazi yake Paris katika juma la washonaji wakuu. Sisi hatuwahukumu mama wavaao wax. Twasema tu kwamba kuazima si dhambi, bali aliyeazima anadaiwa.

Anadaiwa nini? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni jina. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alitundika vitambaa vya Wakuba ukutani mwake, akavitazama sana. Jina lake lajulikana duniani pote. Majina ya wanawake waliovitarizi hayajulikani. Anayeuza vazi lenye pambo la watu fulani na aseme wazi: hili ni la Wakuba, hili ni la Wabaganda. Kunyamaza ni namna ya uongo.

La pili ni ujira. Anayehesabu bei ahesabu siku, si kipande tu. Naye asimsahau mfumaji aliyeko mbali, ambaye mnunuzi hatamwona kamwe.

La tatu ni kiasi. Huko Buganda mafundi hutengeneza nguo ya gome la mti uitwao mutuba. Huvua gome bila kuuua mti, hufunga shina kwa majani ya mgomba kama mtu afungavyo kidonda, na gome jipya huota. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Mutuba utufundishe: twaa, lakini funga kidonda, ili mti uishi na mtoto wako naye apate. Mfanyabiashara anayechapa pambo la rafia kwa mashine, akauza kwa bei ndogo mpaka mtarizi anaacha sindano yake, huyo amevua gome akaacha mti ukauke.

Hapa mama wa familia atatuuliza: «Mimi nina watoto sita. Nguo ya haki ni ghali. Nikinunua nguo ya bei ndogo, nimetenda dhambi?» Hatuthubutu kumtwisha mzigo huo. Lakini tusifumbe macho. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka huko Bangladesh, liliwaangukia washona nguo. Zaidi ya 1,100 walikufa. Jana yake nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, nao hata hivyo waliamriwa kuingia kazini. Wao pia «walikubali». Papa Fransisko alisema siku chache baadaye kwamba kazi yenye malipo kama yale ni utumwa.

Basi twamjibu mama hivi: wajibu hupimwa kwa uwezo. Maskini anayewavika watoto wake kwa alicho nacho hana lawama. Mwenye uwezo wa kuchagua hana udhuru. Na wenye kuchagua si matajiri wa Ulaya tu. Ni sisi pia tunaoagiza kikwembe cha jubilei, sare ya arusi, kanzu za waimbaji. Ni fundi wa mtaani anayemlipa mwanafunzi wake chakula tu. Mara nyingi twamlilia mgeni atulipe haki, kumbe jirani yetu naye yuangoja haki mlangoni petu.

Wasomaji, tulimrudia yule mama. Halmashauri ya parokia ilipunguza vinywaji vya sikukuu, tukachukua nusu iliyobaki. Tulipomwekea fedha mkononi, akauliza: «Mwalimu, hii ni sadaka?» Tukasema: «Hapana, mama, ni deni.» Akaketi, akahesabu polepole. Akatenga sehemu moja, akaifunga katika ncha ya kikwembe chake. «Hii ni ya kaka yangu,» alisema, «ndiye anayenifumia huko nyumbani.» Ndipo tulipomwuliza swali la yule msichana. Kila kipande kilimchukua karibu miezi miwili, jioni kwa jioni, baada ya kazi ya shamba.

Siku ya jubilei, kabla ya nyimbo, tulitangaza mbele ya watu wote ni nani aliyetarizi na ni nani aliyefuma. Mama alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Watu wakageuka kumtazama.

Haki tuliyomtendea ilichelewa. Heri ingekuja siku ile ya kwanza. Basi nawe, siku utakaponunua nguo, usiulize tu: «Je, amekubali?» Uliza pia: «Mimi ningekubali, kama ningekuwa mahali pake?»