Rejea Usiyoifungua: Je, Si Ushahidi wa Uongo?



Muhula uliopita nilipewa zamu ya kutoa mawaidha baada ya swala ya Isha. Mada ilikuwa fadhila za kutafuta elimu, na kama wafanyavyo wengi, nikaitaja ile hadithi maarufu ya kutafuta elimu hata China. Nikamalizia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Ameipokea Bukhari." Siku nne baadaye kijana wa mwaka wa kwanza akanisimamisha nje ya msikiti. Alikuwa anaandika karatasi yake ya kwanza na alitaka kuitumia hadithi hiyo. "Samahani kaka," akasema, "nimeitafuta katika Bukhari sikuiona. Ipo mlango gani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu haimo. Ibn al-Jawzi ameiweka katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa, na al-Bayhaqi amesema kuwa matni yake ni mashuhuri lakini isnadi yake ni dhaifu. Mimi niliitoa katika kijitabu, ikiwa na rejea yake, wala sikufungua kitabu kingine.

Usiku ule nikaitoa karatasi yangu ya muhula. Mwishoni nilikuwa nimeorodhesha marejeo 32. Nikaweka alama kwenye yale niliyoyafungua kwa mkono wangu, yakawa 11. Yale 21 niliyanakili kutoka tanbihi za watu wengine. Kesho yake nikaenda maktaba kuyahakiki niliyoweza kuyapata, na hapo ndipo lilipozaliwa swali la makala hii: karibu yote yalikuwa sahihi. Hadithi zilikuwepo na kauli za wanazuoni zilikuwepo. Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nikisema jambo la kweli na nikaonyesha mahali linapopatikana, nimemdhulumu nani?

Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Wanazuoni wa hadithi walikwisha lijadili jambo hili kwa jina la tadlisi. Mpokezi alikuwa na mwalimu wake ambaye amesikia kwake hadithi nyingi. Hadithi moja hakuisikia kwa mwalimu huyo moja kwa moja, aliipata kwa mtu wa kati. Akimruka mtu yule na kusema "kutoka kwa fulani", hajatamka uongo wa wazi, kwa kuwa hakusema "nimesikia". Lakini msikilizaji atadhani amesikia. Imamu Shu'ba ibn al-Hajjaj alilikemea jambo hili kwa ukali mkubwa na akalihesabu kuwa ni ndugu wa uongo. Imamu Shafi'i naye alishika kwamba anayejulikana kufanya tadlisi hata mara moja, hapokelewi mpaka aseme waziwazi kuwa amesikia.

Tazama jambo hili kwa makini. Shafi'i hakungoja ithibitike kwamba hadithi ile ni batili. Huenda ni sahihi. Kinachoangaliwa ni ushahidi wa mpokezi juu ya nafsi yake: umeipataje? Tanbihi yako nayo ina shahada mbili ndani yake. Ya kwanza inasema kwamba maneno haya yako katika kitabu hiki. Ya pili, ambayo haiandikwi lakini kila msomaji anaielewa, inasema kwamba mimi nimeyaona humo. Katika yale marejeo 21 shahada ya kwanza ilikuwa kweli, ya pili ilikuwa uongo.

Ndiyo maana siwezi kujifariji kwamba rejea ya China ilikuwa kosa na nyingine zilikuwa salama. Nilizifanyia zote kitendo kimoja. Tofauti ilikuwa kwamba huku aliyenitangulia alikuwa mwaminifu, na kule alikuwa mzembe. Uaminifu wake si wangu, bali ni bahati niliyoipata kwake. Allah ametukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa (al-Israa, 17:36). Sioni humo udhuru wa mtu aliyebahatisha akapatia.

Atasema mwenzangu: maktaba zetu ni ndogo, vitabu ni ghali, na nani ana Fath al-Bari chumbani kwake? Ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Lakini hakuna aliyekulazimisha uwe umekifungua. Unachodaiwa ni kumtaja mtu wa kati. Andika: "Ibn Hajar, kama alivyonukuliwa na fulani," kisha taja kitabu cha huyo fulani na ukurasa wake. Umasikini wa maktaba unatupa udhuru wa kutokukiona kitabu, hautupi udhuru wa kudai tumekiona.

Mwingine atasema kwamba wanazuoni wa zamani walichukuliana maneno bila kutajana. Wapo waliofanya hivyo, na ada za uandishi za wakati wao hazikuwa kama zetu. Lakini tusisahau kwamba Imamu Suyuti aliandika risala nzima ya kumtofautisha mtunzi na mwizi, kwa sababu ya kitabu chake alichoona kimeibwa. Na tuwe waadilifu upande wa pili pia: Ibn Hajar alipowapanga wenye tadlisi katika tabaka tano, alimweka Sufyan al-Thawri katika tabaka la pili, miongoni mwa wale ambao maimamu waliivumilia tadlisi yao. Si kila kosa la rejea linamfanya mtu mwongo. Lakini wale walivumiliwa kwa sababu ya uimamu wao na uchache wa jambo hilo katika mapokezi yao mengi. Mwenye 21 katika 32 asijifiche nyuma ya Sufyan.

Kuna deni jingine tunalolisahau sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Tunaandika "Allah anasema", tunaweka namba ya sura na aya, kisha tunaweka tafsiri bila jina la mtu. Maneno ya Kiarabu ni ya Allah. Kiswahili kile huenda ni cha Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye Qurani Takatifu yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1969, au ni cha Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Ni kazi ya miaka ya mtu. Kumtaja ni haki yake, na pia msomaji ajue kuwa huo ni ufahamu wa mwanadamu unaoweza kujadiliwa.

Nasikia pia ikisemwa kwamba programu zimemaliza tatizo. Zotero na Mendeley zinapanga marejeo vizuri, nami nazitumia. Lakini zinajua mahali pa kuweka nukta na mkato tu, hazijui kama umesoma. Akili bandia ni hatari zaidi: ukiiomba marejeo inaweza kukutungia kitabu kisichokuwepo, kikiwa na mwandishi, mwaka na ukurasa. Waliotunga hadithi za uongo nao waliziwekea isnadi nzuri.

Ndugu msomaji, sikuandika haya kwa kuwa nimeshasalimika. Wiki iliyofuata niliomba dakika mbili baada ya Isha. Nikawaambia watu kwamba hadithi niliyowasomea haimo katika Bukhari, kwamba wanazuoni wameikosoa vikali, na kwamba niliitaja bila kuitafuta. Zilikuwa dakika ndefu. Yule kijana alikuwa amekaa safu ya pili. Baadaye alinionyesha karatasi yake: marejeo saba tu, na mawili kati yake yameandikwa "kama alivyonukuliwa na". Mimi wa mwaka wa tatu nilikuwa sijawahi kuyaandika maneno hayo hata mara moja.

Kabla hujakabidhi karatasi yako muhula huu, chukua kalamu, pitia orodha yako, na uweke alama kwenye ulivyovifungua. Vilivyobaki mtaje aliyekupa, au uviondoe.

Allah atujaalie ukweli katika tunayoyasema na tunayoyaandika. Wabillahi tawfiq.