Tomaso Aliyeitwa Pacha

Somo: Yohana 20:24-29

Tumezoea kumwita Tomaso mwenye shaka, lakini Neno linasema aliitwa Pacha.

Mapacha si wageni kwetu. Ukisikia Opiyo na Odongo, ama Mukhwana na Mulongo, unajua hao walizaliwa wawili, na unajua nani alitangulia. Wale wanaofanana kabisa walianza wakiwa yai moja, likagawanyika katika siku za kwanza tumboni. Ukimwita mmoja, wote wawili wanageuka. Mahali wewe ungesema “mimi”, wao husema “sisi”. Huo umoja ni zawadi ya Mungu, mtu asiudharau.

Lakini hebu angalia vidole vyao. Simu inayofunguliwa kwa uso inaweza kudanganyika, imfungulie pacha wako. Ile ya alama ya kidole itamkataa! Yule aliyewaumba pamoja (Zaburi 139) alimpa kila mmoja alama yake.

Sasa rudi kwa Tomaso. Yesu alipowatokea wanafunzi, yeye hakuwapo. Wenzake kumi wakamshuhudia, bado akakataa. Baada ya siku nane Yesu akaja tena, akaongea naye yeye mwenyewe. Na huyo Pacha alipokiri, hakusema Bwana “wetu”. Alisema “wangu”. Haleluya!

Kwa hivyo mzazi, acha kuwaita tu “nyinyi mapacha”. Kila mmoja ana jina. Usimpime mmoja kwa ripoti ya shule ya mwenzake.

Na wewe pacha ambaye mwenzako ameokoka, usijifiche nyuma yake. Mliingia duniani pamoja, lakini mbinguni hakuna anayeingia kwa jina la ndugu yake. Yesu anakungoja wewe.

Tena kuna mtu hapa alimzika pacha wake. Kila asubuhi ukijiangalia kwenye kioo unaona uso wake. Watu wanasema umebaki nusu, na moyo wako unasema, afadhali ningeenda naye. Ndugu yangu, dada yangu, soma Yohana 11:16. Ni Tomaso huyu huyu, Pacha, aliyewaambia wenzake waende wakafe pamoja na Yesu. Lakini Yesu hakuwa anawapeleka kufa. Alikuwa anaenda kumwita Lazaro atoke kaburini! Na hata yeye mwenye uzima alilia pale. Basi lia, hakuna atakayekukemea. Lakini usikubali kuitwa nusu. Uliumbwa mtu mzima, na Mungu bado ana kazi na wewe.

Tuombe: Bwana Yesu, unatujua mmoja mmoja. Wafariji walioachwa na wenzao. Leo kila mmoja wetu akuite Bwana wangu na Mungu wangu. Amina.