Kura Mbili

Wahenga wetu walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii twaisikia kila uchaguzi unapokwisha, na mara nyingi mwenye kuitamka ni yule aliyeshinda. Humwambia mwenzake: Nyamaza, nenda nyumbani, wazee wamekwisha kukuhukumu. Nasi twaiheshimu methali hiyo, kwa maana pasipo watu wenye kukubali kushindwa hapana uchaguzi. Lakini twapenda kuuliza: je, yamfunga hata mtu asiyejua kama ameshindwa kweli? Na yule mwenye hati ya ushindi mkononi, je, hana deni lo lote kwa mwenzake?

Maswali ya haki yakikaa hewani kila mtu huyajibu apendavyo. Kwa hiyo yafaa tuyatazame katika mambo yaliyotokea kweli. Mfano wetu watoka mbali, katika New Hampshire, jimbo dogo la Marekani lililo upande wa kaskazini-mashariki wa nchi ile.

Kila jimbo la Marekani, liwe kubwa au dogo, hupeleka wajumbe wawili katika Baraza la Seneti mjini Washington, na kila mjumbe huchaguliwa kwa miaka sita. Tarehe 5 Novemba 1974 watu wa New Hampshire walipiga kura kumchagua mmoja wa hao wawili, kwa kuwa mzee Norris Cotton alikuwa akistaafu. Walioshindana hasa walikuwa Bwana Louis Wyman wa chama cha Republican na Bwana John Durkin wa chama cha Democrat. Bwana Wyman alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, naye alikiacha kiti chake ili agombee hiki kikubwa zaidi. Kile alichokiacha kilitwaliwa katika uchaguzi ule ule na mtu wa chama cha pili, Bwana Norman D'Amours. Basi Bwana Wyman hakuwa na mahali pa kurudi.

Kura zilipohesabiwa, Bwana Wyman alionekana ametangulia kwa kura 355. Bwana Durkin akaomba zihesabiwe upya, kama sheria ya jimbo ilivyomruhusu. Zilipohesabiwa mara ya pili, Bwana Durkin ndiye aliyetangulia, tena kwa kura 10 tu, na gavana akampa hati. Sasa ikawa zamu ya Bwana Wyman kulalamika. Alipeleka shauri lake mbele ya Tume ya jimbo iliyoshughulikia sheria za kura. Tume ikazitazama tena karatasi zilizobishaniwa, na mwezi wa Desemba ikatoa hesabu yake: Wyman 110,926, Durkin 110,924. Tofauti ni kura mbili. Hati ya kwanza ikafutwa, ikaandikwa nyingine kwa jina la Wyman. Tangu Wamarekani waanze kuwachagua wajumbe wa Seneti kwa kura za wananchi wenyewe, haujapata kutokea ushindi mwembamba kuliko huo. Mtu mmoja na mkewe, waliokaa nyumbani siku ile kwa sababu ya mafua, wangalitosha kuufuta.

Msomaji atauliza: Yawezekanaje karatasi zile zile kutoa majibu matatu? Je, palikuwa na wezi? La, ubishi mkubwa haukuwa juu ya wizi, bali juu ya kusoma. Katika karatasi za jimbo lile mtu aliweza kutia alama moja tu mahali pa chama, na kwa alama hiyo wagombea wote wa chama hicho wakapata kura yake. Au aliweza kutia alama kando ya jina la kila mmoja ampendaye. Sasa walikuwako watu waliotia alama ya chama, kisha wakatia tena alama kando ya kila jina la chama hicho, isipokuwa jina la mgombea wa Seneti. Je, watu hao walimkataa mgombea yule? Au waliona kwamba alama ya chama yamtosha? Mwenyewe hayupo aulizwe, wala karatasi haina jina. Watu wawili waaminifu waweza kuishika karatasi hiyo moja, wakaitazama kwa dhamiri safi, na kila mmoja akasoma jambo lake.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Wakulima wetu wa pamba wanaifahamu mizani ya kupimia magunia. Ni mizani ya haki, nayo yatufaa. Lakini mtu akileta punje mbili za mtama, akataka mizani hiyo imwambie ipi nzito, tutamcheka, si kwa sababu mizani ni mbovu, bali kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba mtu mwenye elimu hutafuta katika kila jambo uhakika ule tu ambao jambo lenyewe laweza kuutoa. Uchaguzi ni mizani ya magunia. Tofauti ikiwa kubwa, yatuambia kweli. Ikiwa kura mbili katika 220,000 na zaidi, mizani yatikisika huku na huku, na kila ukiipima upya itakuambia jingine.

Basi jibu la swali letu la kwanza si gumu. Bwana Durkin alipoomba kuhesabiwa upya hakuwa mtu asiyekubali kushindwa, wala Bwana Wyman alipokwenda mbele ya Tume hakuwa mgomvi. Kila mmoja alitumia njia aliyowekewa na sheria, tena hadharani. Kumwita mtu wa namna hiyo mkaidi ni kumwonea. Methali ya wahenga huanza kazi yake njia za haki zikiisha, si kabla ya hapo.

Lakini njia zikiisha na shaka ikabaki, ni nani awe mwamuzi? Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, yasema kwamba kila baraza la bunge ndilo liwe mwamuzi wa uchaguzi wa wajumbe wake. Bwana Durkin akapeleka ombi lake kwa Seneti yenyewe. Sheria hiyo ina maana yake njema: yalilinda bunge ili mtawala asiweze kuwachagulia wananchi wajumbe anaowataka yeye. Walakini ina mwiba ndani yake. Chama cha Democrat kilikuwa na wajumbe wengi zaidi katika Seneti ya mwaka 1975, na mmoja wa wenye shauri alikuwa mtu wao. Wenzetu husema kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Hata mtu mwema, akikaa kuhukumu jambo ambalo faida yake itamwangukia mwenyewe, ataona vigumu kuamini macho yake, na watu wengine wataona vigumu zaidi kumwamini yeye.

Kamati ya Seneti ilizipitia karatasi hizo kwa muda wa miezi. Ilikuwa na watu wanane, watano wa Democrat na watatu wa Republican. Mtu angalidhani kwamba tano na tatu zimekwisha kumaliza maneno. Lakini Bwana James Allen wa Alabama, mmoja wa wale watano, alisimama pamoja na wale watatu katika mambo makubwa, na Kamati ikagawanyika nne kwa nne. Shauri likapelekwa kwa Seneti nzima mwezi wa Juni 1975. Huko Republican, waliokuwa wachache, walitumia haki yao ya kusema pasipo kufungwa. Mara sita wale wengi walijaribu kufunga mjadala, na mara sita wakashindwa kupata kura za kutosha. Wiki zikapita. Mambo mengine ya nchi yakangoja, na New Hampshire ikawa na mjumbe mmoja badala ya wawili.

Bwana Wyman alikuwa ametaka mapema shauri lirudishwe kwa wapiga kura wenyewe. Bwana Durkin alikataa, na kwa haki twapaswa kuyasikiliza maneno ya upande wake, maana si maneno ya kipuuzi. Uchaguzi mpya, walisema, si jibu la uchaguzi wa zamani. Swali ni nani aliyechaguliwa Novemba 1974. Ukiwauliza watu tena mwaka 1975, wengine watakuwa wamekufa, wengine wamehama, wengine wamegeuza mawazo, na wengine ambao hawakupiga kura mara ya kwanza watajitokeza. Utapata jibu, lakini jibu la swali jingine. Tena kama kila mwenye kushindwa kwa kidogo atadai uchaguzi mpya, ni uchaguzi gani utakaokwisha?

Maneno hayo yana nguvu, nasi hatuwezi kuyapita kimya. Yangekuwa na nguvu ya kutosha kama kazi ya uchaguzi ingalikuwa kuvumbua tarakimu iliyofichika, kama mtu atafutavyo shilingi iliyoanguka mchangani. Lakini sivyo. Uchaguzi hufanywa ili mtu mmoja apewe mamlaka juu ya wenzake, na wenzake, hata wale waliomkataa, waweze kusema: Huyu si wangu, lakini ametumwa kwa haki. Tarakimu hutumikia neno hilo. Tarakimu ikiwa haiwezi kupatikana kwa njia ambayo pande zote mbili huiamini, basi yeye aingiaye kwa tarakimu hiyo huingia kwa nguvu tu, ingawa ana hati.

Hata hivyo twakubali kwamba dawa hiyo ni kali, nayo haifai kwa kila homa. Yafaa pale tu ambapo njia zote za sheria zimekwisha, ambapo tofauti ni ndogo kuliko makosa ya mizani yenyewe, na ambapo wenye shauri wote wawili wamekubali. Ikikosekana moja ya hizo, dawa yageuka sumu.

Mwisho wa mwezi wa Julai Bwana Durkin naye alikubali. Tarehe 30 Julai 1975 Seneti ikaamua, kwa kura 71 dhidi ya 21, kwamba kiti ki wazi. Mzee Cotton akarudishwa kukilinda kwa wiki chache. Tarehe 16 Septemba watu wa New Hampshire wakapiga kura tena, wakajitokeza kwa wingi kuliko mara ya kwanza. Bwana Durkin akapata 140,778 na Bwana Wyman 113,007. Tofauti haikuwa mbili tena, bali 27,771. Safari hii mizani ilisema waziwazi, na maneno yakaisha.

Sasa tumfikirie Bwana Wyman. Alikuwa na hati iliyoandikwa jina lake. Alikuwa amekwisha kupoteza kiti chake cha zamani. Alitaka wananchi waulizwe tena, wakaulizwa, nao wakamkataa. Wako watakaosema: Huyu alikuwa mjinga, angaling'ang'ania kura zake mbili. Pengine watu wengine watasema kwamba alihofu wale wengi wa Seneti, akaona kwamba wananchi ni afadhali. Sisi hatuwezi kuingia ndani ya moyo wa mtu, wala hatumfanyi kuwa mtakatifu. Twatazama tendo lenyewe. Mtu atakaye hukumu ya haki pale tu anapojua kwamba itamwangukia yeye, huyo hatafuti haki, atafuta ushindi, na haki ni nguo aliyoiazima. Thamani ya neno la Bwana Wyman yaonekana kwa sababu lilimgharimu.

Tena tusidhani kwamba wakati wote kuna nafasi ya kuwauliza watu upya. Mwaka 2000, katika jimbo la Florida, Bwana George W. Bush alitangazwa kumshinda Bwana Al Gore kwa kura 537 katika karibu milioni sita, na kwa kura hizo alipata urais wa nchi nzima. Kuhesabu upya kulianza, kukasimamishwa, kukaanza tena, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua tarehe 12 Desemba, majaji watano kwa wanne, kwamba basi. Siku ya pili yake Bwana Gore aliwaambia wananchi kwamba hakubaliani kabisa na uamuzi ule, lakini anaupokea. Hapo ndipo methali yetu ilipokuwa na haki ya kusema. Njia za sheria zilikuwa zimekwisha, na mtu yule hakulazimishwa kusema uongo kwamba ameridhika. Alitakiwa kupisha tu, naye akapisha.

Kwa hiyo twaona kwamba deni liko pande zote mbili. Aliyeshindwa ana deni la kupisha njia za haki zikiisha, hata kama moyo wamwuma. Lakini aliyeshinda ana deni la kwanza, nalo ni kuziacha njia hizo wazi mpaka zifike mwisho, asizifunge kwa kuwa leo ana hati, au ana watu wengi, au ana ufunguo wa chumba cha masanduku. Mara nyingi twalidai deni la pili kwa sauti kubwa na kulisahau la kwanza. Twamhubiria aliyeshindwa uvumilivu, na aliyeshinda twampigia vigelegele.

Msomaji wetu huenda si mgombea wa kiti cho chote. Lakini katika chama cha ushirika, katika halmashauri, hata katika mkutano wa ukoo, ipo siku atahesabiwa mikono, na hesabu itampendelea kwa mkono mmoja ulioinuka nusu. Siku hiyo jirani yake atasema: Tuhesabu tena. Naye asikimbilie methali. Akubali mikono ihesabiwe.