Kisu Mfukoni: Ni cha Kazi Gani?



Vijana wenzangu, swali la leo halikutoka kwenye kitabu cha maadili. Limetoka kwenye orodha ya vifaa vya kambi ya vijana. Kati ya tochi, koti la mvua na rozari, kamati ilikuwa imeandika "kisu kidogo", na kikao kizima kikakwama hapo. Mama mlezi alitaka neno hilo lifutwe mara moja. Wengine wakasema, kambi bila kisu mtamenyaje viazi? Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasema taratibu, bila kujigamba: "Frateri, mimi changu ninacho kila siku. Kinakaa chini ya siti. Nafanya kazi usiku, na wenzangu wameshaporwa pikipiki. Sasa mnataka kuniambia ni dhambi?"

Kiukweli anastahili jibu, na si lile jibu letu la haraka la "mwachie Mungu". Mungu tunamwachia, sawa, lakini alitupa pia akili.

Tuanze na upande mwepesi. Kisu ni chombo, tena ni kati ya vyombo vya zamani kabisa alivyowahi kushika binadamu. Mgema ana kotama yake, mvuvi ana kisu cha kuparia samaki, na mama jikoni ana kile chake ambacho ole wako akukute umekatia waya. Kwa kambi ya milimani mimi ningechagua kisu kisichokunjwa, chuma chake kiwe na urefu wa kama sentimita 10, na chuma hicho kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Vile vilivyochomekwa nusu ndivyo vinavyochomoka ukipasua kuni. Kuna visu vinavyoshika kutu na visivyoshika. Vinavyoshika mara nyingi ni rahisi kunoa, ila lazima uvifute na kuvipaka mafuta kidogo. Mkiwa pwani kwenye hewa ya chumvi, msijisumbue navyo. Ukipenda cha kukunja, hakikisha kina kifungio, kisije kikakufungia vidole. Wafaransa wanatengeneza Opinel tangu mwaka 1890, kisu cha mpini wa mti ambacho tangu 1955 kina pete ya chuma unayoizungusha ili kisijikunje. Kitu rahisi kabisa, na kinafanya kazi. Halafu kiwe kikali. Watu hudhani kisu butu ni salama, kumbe ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu kisha kinateleza. Na kiwe na ala.

Jambo moja linanifurahisha katika historia ya visu. Mwaka 1891 jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha mfukoni. Kilikuwa na makali, kitobozi, kifungua kopo na bisibisi ya kufungulia bunduki. Askari, mtu ambaye kazi yake ni vita, alipewa kisu ili ale chakula cha kopo! Kwa kupigana alikuwa na kitu kingine, chini ya amri na nidhamu nyingine. Jeshi lenyewe lilitofautisha kisu cha kazi na silaha.

Hapo ndipo upande mgumu unapoanza, kwa sababu kisu cha dereva wetu kinaweza kuwa kilekile cha kumenyea viazi. Chuma hakijabadilika. Ni nini basi kimebadilika?

Uingereza wana sheria ya mwaka 1953 ambayo inahesabu kitu kuwa silaha kwa njia tatu: kilitengenezwa kwa ajili ya kujeruhi mtu, au kilirekebishwa kwa ajili hiyo, au mwenye nacho amekusudia kukitumia hivyo. Mtu aliyesoma falsafa lazima atabasamu akifika kwenye hiyo ya tatu. Maana yake bisibisi inaweza kugeuka silaha bila kuguswa, kwa kusudi tu lililo ndani ya aliyeibeba. Sheria yao ya mwaka 1988 inaruhusu kisu kidogo cha kukunja, kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3, bila kuulizwa sababu. Zaidi ya hapo lazima uwe na sababu ya msingi, na kusema tu "nilikibeba nijilinde" kwa kawaida haikubaliki. Wengi wanaona sheria hiyo ni kali mno kwa mnyonge. Mimi naona kuna kitu imekigusa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilizungumzia suala hili katika karne ya 13, kwenye Summa. Alimkuta Mtakatifu Augustino ameshasema, katika barua kwa Publikola, kwamba haoni vema mtu kumuua mwingine ili ajiokoe, isipokuwa askari au mwenye mamlaka ya umma. Tomaso hakumpuuza Augustino, lakini alileta tofauti. Tendo moja, anasema, linaweza kuwa na matokeo mawili: moja limekusudiwa, lingine liko nje ya kusudi. Ukijitetea, unachokusudia ni kuokoa uhai wako. Kama mshambuliaji anakufa, hilo halikuwa kusudi lako. Na hulazimiki kuacha kujitetea kwa kiasi eti usije ukamdhuru, kwa sababu umekabidhiwa uhai wako kwanza kabla ya wa mwenzako. Katekisimu inafuata njia hiyohiyo katika namba 2263 mpaka 2265, na inaongeza kwamba kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine, kuwalinda kunaweza kuwa wajibu mzito. Kwa hiyo tusimdanganye dereva wetu kwamba Kanisa linamtaka afe ameinamisha kichwa. Halisemi hivyo.

Ila Tomaso ana masharti mawili. La kwanza, nguvu iwe ya kiasi kinachotosha kuzuia shambulio, isizidi. La pili, mtu binafsi asikusudie kuua kama njia ya kujiokoa. Hapo ndipo kisu kinapopata shida kuliko vitu vingine vyote unavyoweza kubeba.

Nilipomweleza hivyo, akanijibu: "Sikusudii kumuua mtu, Frateri. Nataka nimtishe tu." Nililifikiria jibu hilo siku mbili, kwa sababu si la kijinga. Lakini hebu liangalie. Kisu kinatisha pale tu mwenzako anapoamini kwamba utakitumia. Asipoogopa je? Aliyezoea kupora ameshaona visu vingi. Ukishakitoa na yeye asirudi nyuma, umebaki na mambo mawili: ukiweke chini au umchome. Hakuna cha tatu. Kwa hiyo mtu anayesema "nitatisha tu" amekwishaamua bila kujua kuamua, au anatembea na kitu ambacho wakati wa shida hatakitumia na kitaishia mkononi mwa mwizi.

Na kuchoma hakuna kiasi. Ngumi unaweza kuipunguza, kumsukuma mtu unaweza kupima. Kisu huwezi, hasa usiku, mikono ikitetemeka. Wengine hudhani wakimchoma mtu pajani watakuwa wamemhurumia. Paja lina mshipa mkubwa wa damu, na mshipa huo ukikatwa mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla hujapata hata namba ya kupiga. Mwilini hakuna mahali ambapo unaweza kusema "hapa nitamchoma kidogo". Sharti la Tomaso la kiasi, ambalo kwenye karatasi ni maneno mawili tu, kwa kisu karibu halitekelezeki.

Kuna na jambo la mazoea. Aristotle alifundisha kwamba tunakuwa kile tunachokirudia kukitenda. Kijana wetu alinieleza jinsi anavyompokea abiria usiku: anaangalia kwanza mikono, halafu upande ambao mtu ataegemea, halafu anapima yeye mwenyewe atageukia wapi. Tahadhari ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini sehemu ya hesabu yake ilikuwa ni mahali pa kumchomea abiria, na hesabu hiyo anaifanya kila usiku, mara sita, mara nane, juu ya watu ambao karibu wote wanataka tu kufika nyumbani. Sidhani moyo unaweza kufanya hesabu hiyo miezi mingi ukabaki ulivyokuwa.

Hapa mtu ataniambia, mbona Wamasai wanatembea na sime? Swali zuri. Sime ya morani iko kiunoni, ndani ya ala yake nyekundu, na kila mtu anaiona. Ana wazee juu yake, ana rika lake, na jamii nzima inajua kwamba anayo na inajua itamuuliza nani akiitumia vibaya. Waomani nao wana jambia, limo mpaka kwenye bendera yao, nalo linavaliwa kwa heshima, mbele ya watu. Kisu cha chini ya siti hakina mzee wa kukiuliza. Kinajulikana na mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mwenye hofu.

Halafu kuna mtaa wenyewe. Ninyi mnajua kinachotokea mtu akipiga kelele ya "mwizi!" saa saba usiku. Watu wanatoka na chochote kilicho karibu. Wakifika wanakuta wanaume wawili wanagaragazana, na mmoja ana kisu mkononi. Kesho magazeti yataandika "wananchi wenye hasira kali", na aliyepigwa atakuwa ni yule mwenye kisu, hata kama pikipiki ilikuwa yake. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2022 wanakumbuka pia Panya Road, vijana waliokuwa wakiingia mtaani kwa kundi wakiwa na mapanga. Mbele ya kundi kama hilo, kisu kidogo kitakusaidia kitu kimoja tu: kuwapa sababu ya kuanza na wewe.

Tumtazame Petro. Luka anatuambia kwamba usiku ule wa mwisho mitume walikuwa na panga mbili, na Bwana akasema zatosha, neno ambalo wafafanuzi hawajaacha kubishania. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni machaira, ambalo linaweza kuwa upanga mfupi au kisu kikubwa. Ndilo hilohilo Agano la Kale la Kigiriki linalolitumia kwa kisu alichokishika Abrahamu juu ya Isaka. Mtakatifu Yohane Krisostomo alitoa maelezo yanayonivutia sana: huenda zilikuwapo kwa sababu ya mwanakondoo wa Pasaka, walikuwa wametoka mezani. Kama ni hivyo, kilichokata sikio la Malko kilikuwa ni kisu cha jikoni. Kilitoka kwenye karamu kikaingia bustanini, giza likaingia, watu wakaja na mienge, na mkono ukakimbilia pale ulipojua kuna kitu.

Na hakuna anayelenga sikio. Petro alikosea shabaha, na ni Luka peke yake anayetuambia kwamba Yesu alilirudisha sikio mahali pake. Lakini ni Yohane anayesimulia kilichofuata. Baadaye usiku uleule, Petro akiota moto uani kwa Kuhani Mkuu, aliyemuuliza mara ya tatu alikuwa ndugu yake Malko: je, mimi sikukuona bustanini? Nimesoma mahali hapo mara nyingi bila kuona uhusiano. Tumezoea kusema Petro alimkana Yesu kwa sababu ya woga, na ni kweli, lakini woga wake wakati ule ulikuwa na sababu yenye jina. Mbele yake alikuwa amesimama ndugu wa mtu aliyemkata masaa machache tu kabla. Angemkiri Bwana, angekiri na kisu.

Sasa dereva wetu afanye nini? Kwanza ajue kwamba kukimbia si aibu. "Mguu niponye" ni kujitetea kunakotimiza masharti yote ya Tomaso kwa mpigo. Pikipiki ikitakiwa, aiache. Najua ni mkopo, najua marejesho ya kila siku, na sisemi hili kwa wepesi wa mtu anayelishwa seminarini. Lakini pikipiki inaweza kulipwa kwa miaka miwili, na hakuna mkopo wa kurudisha mtu. Tochi yenye mwanga mkali anaweza kubeba, na filimbi pia, hivi vinapimika. Kijiwe chao kinaweza kukubaliana mitaa isiyopelekwa abiria baada ya saa nne usiku, na mtu asiondoke na abiria asiyemjua bila mwenzake kujua anaelekea wapi. Vijiwe vingine tayari vinafanya hivyo kwa WhatsApp.

Na sisi wengine je? Mikesha yetu inaisha saa sita, saa saba usiku. Tunatoka kanisani tumeimba vizuri, tunaita boda, tunabishana naye mpaka ashushe mia tano, anatufikisha mlangoni, tunafunga geti. Yeye anageuza peke yake kurudi kwenye giza lilelile tuliloogopa kulipita kwa miguu. Mlezi wa vijana wa parokia moja niliyokaa alikuwa na daftari lenye namba za madereva wanaobeba waamini usiku wa mkesha, na kabla ya kulala alikuwa anawaandikia mmoja mmoja: "Umefika?" Yule asiyejibu, alimpigia.